Mwaka Bibi Nyangeta Alipozima Mafiga

Kijijini kwa Bibi Nyangeta, ukishaipita Butiama na kuiacha lami, msiba haupimwi kwa machozi, unapimwa kwa masufuria. Aliyefiwa huinjika, majirani huleta unga na kuni, watu hukaa chini wakala palepale penye msiba, na wakishakula ndipo husemwa marehemu ameondoka vizuri. Chakula cha kufungiwa ukaenda nacho kwako hakihesabiki. Mtu ambaye chakula cha msiba wake hakikuliwa, kwao ni mtu ambaye hakuliliwa. Hayo niliyajua tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na ndiyo yaliyonijia simu ilipoita dukani kwangu Bunda, nikiwa nampimia mteja kitambaa cha sare, nikaambiwa Bibi Nyangeta amefariki na anazikwa kesho kwao. Sikuwaza kazi kubwa aliyoifanya, wala ile shule ya sekondari iliyopewa jina lake. Niliwaza jambo moja tu: nani atakula? Yule mteja akaniuliza kama nimepata habari mbaya, nikamwambia nimepata habari mbaya mara mbili, hii ya leo na ile ya zamani. Hakunielewa, na sikuwa na nguvu za kumweleza.

Nilikaa kwake mwaka mmoja tu, Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, nikijifunza kazi. Yeye alikuwa ndiye Bibi Afya, mkubwa wa usafi na maradhi kwa sehemu yote ile, ingawa wazee wa vijijini waliendelea kumwita Bwana Afya kwa sababu ndilo jina walilokuwa nalo, na hawakuona haja ya kutafuta jingine kwa ajili ya sketi. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mjane asiye na mtoto, na hakuwa mtu wa kuchekacheka. Chumba alichonipa kilikuwa na kitanda cha kamba na magunia ya dawa ya kutibia maji, basi nguo zangu, nywele zangu, hata chai yangu vilinuka dawa mwaka mzima. Nilipokwenda kwetu Iringo, mjini Musoma, siku za mapumziko, mashoga zangu walisogea mbali kidogo wakiniuliza kama nimetumwa kuwafulia. Mlangoni mwa Bibi Nyangeta palining'inia debe lililotobolewa msumari chini, tundu limezibwa kijiti, na kando yake kopo la jivu, maana ulikuwa mwaka ambao sabuni ilitafutwa kama dawa. Hakuna aliyekula mle ndani bila kuchomoa kile kijiti na kunawa kwa maji yanayotiririka. Mkuu wake wa kazi alinawa, padri alinawa. Watani wake walisema hata paka wa nyumba ile hunawa kabla ya kula panya. Yeye aliposikia hilo alisema paka huyo ana akili kuliko madiwani. Nilimpenda, niseme wazi, ingawa sikuwahi kumwambia.

Jioni tulikula mimi na yeye, mkeka mmoja, ugali wa udaga, ule unga wa mihogo iliyovundikwa, uliochanganywa na mtama na samaki aina ya ningu aliyechemshwa kwa nyanya na chumvi. Kuku alimpeleka kwanza kwa jirani Mwislamu achinje, ili nisiwe na shaka, na hakulizungumza hilo hata siku moja. Alilozungumza ni beseni. Siku hizo misibani beseni moja la maji lilizungushwa, likaanza kwa wazee, likaja kwa watu wazima, likaishia kwa watoto, na maji ni yaleyale, yanazidi kuwa mazito kama uji. Kumruka mtu katika mzunguko ule lilikuwa tusi, na kukataa kutumbukiza mkono baada ya mwenzako lilikuwa tusi kubwa zaidi, maana ni kumwambia mbele ya watu kwamba ni mchafu. Bibi Nyangeta alikuwa akisema beseni lile litatumaliza. Mimi nilidhani ni maneno ya mtu aliyekaa na kazi yake mpaka imemwingia kichwani.

Kipindupindu kilianzia kwenye mialo ya wavuvi, kikapanda na barabara kuelekea bara. Tulikwenda nacho, sisi na Landrover yetu, tukiwa nyuma yake siku zote. Sitaki kueleza niliyoyaona katika madarasa yaliyogeuzwa wodi. Nitasema tu kwamba mpaka leo siwezi kukaa kwenye chumba chenye harufu ile ya dawa, hata ikiwa ni choo cha hoteli kilichosafishwa vizuri. Tulitibu maji, tukafunga visima, ugonjwa ukapungua, halafu ukaibuka upya mahali tusipopatarajia. Bibi Nyangeta ndiye aliyeona kwamba haupandi na visima tena, unapanda na misiba. Mtu anakufa, wanawake wanamwosha, walewale wanasonga ugali, beseni linazunguka, na wiki ijayo nyumba za waliokula zinalia. Ndipo alipoamuru kwamba wakati wa ugonjwa ule maiti azikwe siku hiyohiyo, na watu wachache, na moto usiwashwe. Mwanzoni amri ilihusu waliokufa kwa kipindupindu peke yao. Hapo ghafla hakuna tena aliyekufa kwa kipindupindu. Kila tulikopita tuliambiwa huyu alikuwa na presha, yule malaria, yule mwingine amerogwa na shemeji yake, na sufuria liko jikoni linachemka. Basi akaifanya amri ya vifo vyote, vya ugonjwa wowote, na yeye mwenyewe alishuka kwenye gari, akaingia jikoni kwa watu na kuzima mafiga kwa ndoo ya maji huku wafiwa wakimtazama. Nimeona mzee mmoja, amefiwa na mkewe, akikusanya vile vijinga vilivyolowa akavipanga tena kimoja kimoja, kama mtu anayetaka kuvifariji. Bibi Nyangeta alisubiri amalize kupanga, kisha akavimwagia tena.

Mama yake alikufa katikati ya hayo. Aliitwa Nyabuso, alikuwa mzee sana, na hakufa kwa kipindupindu. Alikuwa amelala miezi na miguu iliyovimba. Mimi mwenyewe nilimpelekea uji mara nyingi tulipopita huko, na akanifundisha kusalimia kwa lugha yao, akicheka matamshi yangu mpaka anakohoa. Tulifika asubuhi. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, chumba cha mama kina dirisha dogo lililozibwa kwa khanga, na yeye amelazwa kwenye kitanda kilekile, amefungwa kidevu. Nje kakake Bibi Nyangeta, Magesa, alikuwa ameshamtoa fahali zizini na kumfunga. Kijiji kizima kilikuwa kinajua yule mama hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Na kijiji kizima, nadhani, kilikuwa kinangoja kuona.

Nilikuwa chumba cha pili nakunja mashuka, na ukuta haukufika juu, basi niliwasikia. Magesa aliongea kwa upole muda mrefu. Alimkumbusha jinsi mama alivyouza mbuzi wake wa mwisho ili yeye asome. Alimwambia amri ni yake, kaitoa yeye, na mwenye kufunga ndiye mwenye kufungua. Alimwambia watu hawataki mambo makubwa, waache wapike mara moja tu, kila mtu akanawe kwenye debe lake hilo analolipenda kama analitaka. Nilitamani Bibi Nyangeta akubali. Mimi, niliyebeba waliokufa kwa lile beseni, nilisimama na shuka mkononi nikimwombea akubali.

"Nikimpikia mama," alisema mwishowe, "kesho kila nyumba itakuwa na mama wa presha. Unajua hivyo, kaka."

"Watu watasemaga umemzika kama mbwa."

"Watasema."

"Na mimi nitasema," alisema Magesa, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

Wanawake walikuwa wameshaanza kuja, wamejitwika unga na kuni, wanakuja kwa ile njia nyembamba ya kwenye mihogo. Bibi Nyangeta alitoka akasimama kwenye mlango wa boma. Hakuwapigia kelele. Aliwashukuru, mmoja mmoja, kwa jina la mama wa kila mmoja, akawaomba warudi na unga wao. Kuna mwanamke aliyetaka kuushusha mzigo wake pale chini auache, na Bibi Nyangeta aliuinua akamtwika tena. Hicho ndicho kitu walichokuja kukisimulia miaka yote iliyofuata, si kwamba alikataa chakula, bali kwamba alimtwika mtu unga wa rambirambi kichwani akamrudisha nao kwake. Tulimzika Bi Nyabuso mchana, jua kali, watu wachache tunaohesabika, na fahali akarudishwa zizini akiwa anatafuna majani yake.

Baada ya mazishi Bibi Nyangeta aliingia ndani, akawasha moto mdogo wa kuni tatu, akasonga ugali wa watu wawili na kuchemsha dagaa kiganja kimoja. Kakake alikaa nje, ametupa mgongo. Alimwita mara moja, hakugeuka. Tulinawa kwa jivu na maji yaliyochemshwa, yeye akanimiminia, nami nikammiminia. Nilikuwa sina hamu ya kula, nikasema nimeshiba.

"Kula, Zaituni," akaniambia. "Mama yangu hawezi kwenda bila mtu kula."

Nilikula. Yeye alikula polepole, akimaliza kila tonge kabla ya kumega jingine, na machozi yalimtoka muda wote bila kuyafuta, kwa sababu mikono alikuwa ameshainawa. Mpaka leo sijui chakula kingine chochote nilichokula na kukumbuka ladha yake namna ile. Kilikuwa hakina chumvi.

Amri ilishikwa baada ya hapo. Hakuna aliyethubutu kuja na hadithi ya presha kwa mtu aliyezika mama yake vile. Ugonjwa ukaisha vijijini kabla ya mavuno. Ningependa kuandika kwamba walimshukuru, lakini walisema mvua ndizo zilizousafisha, na wengine walisema ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshachoka. Misiba ikarudi, masufuria yakarudi, beseni likarudi nalo, na kijiji chake kikamsusa. Hawakumtukana. Walimwamkia, walimpa kigoda. Ila alipokwenda kwenye msiba na unga wake, unga ulipokelewa ukawekwa kando, na jioni mtoto alitumwa aurudishe kwenye gari. Niliuona ukirudishwa kabla mwaka wangu haujaisha. Alimpokea yule mtoto, akamwuliza anasoma darasa la ngapi, akaniambia tuondoke. Tulipofika Buhare ndipo alipozungumza, akasema wana haki ya kususa, maana yeye aliwachukulia wafu wao. Nikamwambia aliwaokoa walio hai. Akasema ndiyo, lakini walio hai hawajui kwamba wao ndio waliookolewa, kila mmoja anadhani asingekufa hata hivyo.

Nililisikia hilo nikiwa kijana na nililiona ni maneno ya uchovu. Sasa nimezeeka, magoti yanauma nikipanda ngazi za duka, na naona lilikuwa ni hesabu yote ya maisha yake. Aliendelea kupanda vyeo, akafundisha wengi, akastaafu na picha nyingi za ukutani. Wakubwa walipojenga sekondari kwenye kijiji kile wakaipa jina lake, na nilikuwepo siku ya kufungua. Alikaa kiti cha mbele, amevaa kitenge cha bluu, kimoyomoyo nikajua hataki kuwepo. Walipomwomba aseme neno aliuliza maji yako wapi. Watu wakacheka, wakadhani mama mzee ana kiu, akaletewa chupa. Akaishika ile chupa mkononi akauliza tena, maji ya shule yako wapi. Akaonyeshwa tangi jipya jeusi juu ya mnara na kuambiwa bomba linakuja. Wanakijiji wenyewe hawakuwahi kuiita shule ile kwa jina lake. Wanaiita Mnarani, kwa sababu ya tangi.

Jana nilipofika, mahema yalikuwa yameshafungwa kwenye uwanja wa shule ile, na picha yake kubwa imetundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, anatabasamu tabasamu ambalo sikuwahi kuliona usoni mwake. Wakubwa walikuja na magari, wakasema maneno mazuri, mmoja akasema ametuachia urithi usiofutika, na mwingine akarudia hivyohivyo. Ng'ombe alichinjwa na Mwislamu aliyeletwa toka Bunda ili wote tuweze kula; masufuria yalikuwa makubwa kuliko yoyote niliyowahi kuyaona kijijini kule. Wanakijiji walikuja wengi, nisiwasingizie. Walichimba kaburi, waliimba, walitupa udongo. Kisha wakasimama, wakajipangusa, wakatoka kupitia geti la shule mmoja mmoja bila kugeuka nyuma, na wale waliobaki wakaenda kukaa ng'ambo ya uzio. Wakubwa walifungiwa chakula chao kwenye vyombo vya plastiki wakale njiani, maana walikuwa na kikao Musoma. Yule kijana wa kipaza sauti alitangaza chakula kiko tayari, karibuni, akatangaza tena, halafu akazima mtambo wake akaanza kukunja nyaya.

Magesa yuko hai. Alikuwa amekaa ng'ambo ya uzio kwenye kiti cha plastiki, na fimbo katikati ya magoti, macho yameingia ukungu. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni Zaituni, yule msichana wa Musoma. Akanikumbuka, akauliza kama bado nanuka dawa. Nikaketi chini karibu naye, nikamwomba kwa heshima zote aje ale tonge moja la dada yake, moja tu, wengine wakimwona watafuata. Nilimwambia Bibi Nyangeta hakuwa na mtoto, hana mwingine.

"Sina ugomvi naye," alisema. "Nilikuwaga nao, ukaisha zamani. Hata kama alikuwa sawa, najua alikuwa sawa. Watoto wangu wako hai, si ndiyo?" Akatikisa kichwa. "Lakini chakula cha mama yetu hakikuliwa, binti yangu. Nikila hapa leo, huko ninakokwenda nitamwambia nini mama?"

Nilitaka kumwambia kwamba chakula cha Bi Nyabuso kililiwa, kwamba watu wawili walikaa jikoni kwake na mmoja wao ni mimi. Nikamwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa mkono, akasema sisi tulikuwa wageni wa serikali, na mgeni wa serikali hula kila mahali.

Nikarudi uwanjani. Mapishi yamepoa, inzi wameanza, na wale wanawake wa kupika, waliokodiwa toka Bunda, walikuwa wamekaa wakitazama simu zao. Nikawaambia wanipakulie. Nikatafuta pa kunawa. Chini ya picha ya Bibi Nyangeta palikuwa na ndoo nzuri yenye koki, na maandishi juu yake kuhusu mikono safi. Nikafungua koki, ikakohoa hewa. Nikauliza maji. Mwanafunzi wa kike akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba tangi halijawahi kuwa na maji, wao wanachotaga mtoni, na wamekatazwa kwenda huko wiki hii kwa sababu kuna watu wanaharisha. Akayasema hayo kama mtu anayesema leo ni Alhamisi. Chupa za maji za wakubwa zilikuwa zimeondoka na wakubwa. Nilisimama pale na sahani ya ugali mkononi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, nikamkasirikia Bibi Nyangeta kwa kufa, nikajikasirikia mimi kwa kuja peke yangu. Nikiiweka chini ile sahani nitakuwa nimemtii, na atakuwa ameondoka bila mtu kula.

Mpishi mmoja akanionea huruma. Akainuka, akachukua beseni walilokuwa wamenawia wao tangu asubuhi, wote, maji yamekuwa ya kijivu na mafuta yanaelea juu, akaniletea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama inavyompasa mtu anayemnawisha mgeni. Alikuwa mama mwema. Kumkataa kungekuwa tusi.

Ng'ambo ya uzio Magesa alikuwa amegeuza uso upande wangu, ingawa sijui kama anaona. Nikakaa chini, nikatumbukiza mikono yote miwili, nikanawa, nikamega tonge, nikala.